Nyumba Iliyobaki Jumamosi

Katika mji wetu kila nyumba ina siku yake. Hakuna aliyezigawa, wala hakuna anayekumbuka lini siku ziliacha kufuatana. Unatoka kwako ikiwa Jumatatu, unavuka njia kuomba chumvi, na jirani mwenye chumvi yuko Alhamisi, ameshaichoka wiki ambayo wewe ndiyo kwanza unaianza. Mnasalimiana tu, maisha yanaendelea. Kanisani peke yake, kule juu penye mawe, ni Jumapili wakati wote. Ndiyo maana watu hupanda huko hata wakiwa hawana la kusema. Wanakwenda kuvuta hewa ya siku ile, kisha wanashuka, kila mmoja na kwake.

Kwetu ni Jumamosi.

Nimeitafuta sana siku hii katika habari za Bwana. Ijumaa imeandikwa hadi giza lake. Jumapili imeandikwa hadi jiwe, hadi vitambaa vilivyokunjwa. Katikati ipo siku moja ambayo karibu haina maneno. Wanawake walikuwa majumbani, manukato yako tayari, na hapakuwa pa kuyapeleka. Walisemezana nini? Labda mmoja alisema, "Lakini alituahidi," na mwenzake akamwambia anyamaze, ugali unaungua. Kwa sababu lazima walipika. Hata siku ile lazima mtu alichota maji, akafagia, akamkemea mtoto. Ninaifikiria Jumamosi yao wakati ninafagia yangu.

Nyumba yetu iliingia katika siku hiyo wakati binti yangu Aikaeli alipopona homa. Nasema alipopona, kwa maana homa ilitoka kweli. Ila ilipotoka ilisahau kumrudishia miguu. Alikuwa msichana wa kurukia mpira hata watu wa upande wa pili wakampigia makofi, akawa msichana wa kulala chali, akitazama dari. Ikawa Jumamosi, na tangu hapo jua likichwa na likichomoza, ni Jumamosi ile ile inajirudia mlangoni.

Sasa niseme desturi ya kikundi chetu, maana bila hiyo aibu yangu haieleweki.

Sisi tunashukuru kwanza. Mtu akihitaji jambo kwa Mungu, haendi kuliomba tu. Anafunga kapu lake la shukrani, unga, mayai, ndizi, chochote, analifunika kwa kitambaa cheupe, anakwenda mbele ya wote na kulitaja jambo kama limekwisha kutendeka. Watu wanapiga vigelegele. Kisha kikundi chote kinashuka naye siku nyingine, na ngoma, hadi nyumbani kwake, kwenda kuona. Hiyo ndiyo tunaita kwenda kuona. Na wakifika, hukuta. Aliyeshukuru kwa mvua walimkuta na matope miguuni. Aliyeshukuru kwa mume aliyepotea walimkuta mume anakula uji. Sikuwahi kusikia watu waliokwenda kuona wasione.

Mama Elieshi, kiongozi wetu, ndiye aliyenijia. Ni mwanamke mkubwa, mwenye sauti inayotangulia kufika kabla yake, na kilemba cha kwaya hakimtoki kichwani hata akiwa shambani.

"Mama Aika," aliniambia, "wewe unaomba kama mtu anayegonga mlango wa jirani mchoyo. Shukuru, mama. Mshtukize Mungu kwa shukrani."

"Mungu anashtukizwa?"

"Namna ya kusema. Una imani huna?"

"Ninayo."

"Basi inataka nini, ikae ndani kama kuku anayeatamia? Itoe."

Nami nilikuwa nayo. Hapo ndipo ninapoteswa. Mtu aliyedanganya ana mahali pa kuanzia toba yake. Mimi sikudanganya. Niliamini mpaka mikono ikawa ya moto. Nilifunga kapu langu, nikapanda kwenye Jumapili ya watu wote, nikasimama mbele, nikasema, "Bwana asifiwe. Mwanangu Aikaeli ameinuka. Ametembea mpaka mlangoni." Na wakati ninasema, nilimwona. Niliona nyayo zake juu ya sakafu yetu ya udongo, kidole gumba kikiwa kimezama zaidi.

Lakini kulitokea jambo. Wakati wa vigelegele niligundua kuwa nimekaa kwenye benchi. Aliyesimama kule mbele alikuwa na kanga yangu, na sauti yangu, na lile kovu langu la kiwiko, lakini mimi nilikuwa benchini nikimtazama. Watu walimkumbatia. Watu walimpa mkono. Aliposhuka kurudi nyumbani alinitangulia njiani, mwanamke yule wa Jumapili, akiitikia salamu zangu zote, na mimi nilimfuata nyuma kama mbebaji wa mizigo yake. Nilijiuliza, na bado ninajiuliza: Mungu anamsikia yupi kati yetu? Yule anayesema kwa nguvu, au huyu anayemfuata, ambaye hajui kama ameambiwa kitu?

Tulipofika nyumbani mlango ulikuwa umefungwa vilevile nilivyouacha. Sakafu ilikuwa safi. Hapakuwa na unyayo.

"Umechelewa," Aikaeli alisema kutoka kitandani. "Nzi ameninyanyasa. Mmoja tu, lakini ana roho mbaya."

Nilimfukuza nzi. Nilimgeuza Aikaeli.

"Mama. Jirani amepita hapa dirishani anaimba. Akasema, 'Hongera, Aika, tumesikia unatembea.' Nikamwambia asante, na mimi nimesikia sasa hivi."

"Mwanangu..."

"Umeniinua huko kanisani?"

"Nimekushukuria."

"Sawa. Ungenipa taarifa, ningevaa viatu."

Alicheka, nami nilijaribu kucheka. Kisha akauliza kwa sauti nyingine, ile aliyokuwa nayo alipokuwa mdogo na kulikuwa na radi, "Wanakuja lini kuona?"

Bwana, mimi nilifanya kama tulivyofundishwa.

Bwana, kama imani ni mbegu, nimeipanda mbele ya watu, na sasa watu wamesimama pembeni ya shimo wakitazama chini.

Usinihurumie mimi. Au nihurumie. Sijui mtu huombaje akiwa na aibu. Furaha ina nyimbo zake, msiba una nyimbo zake, hata hofu inayo. Aibu haina wimbo. Aibu inamtaka mtu ajikunje mpaka awe mdogo kiasi cha kutoonekana hata na jicho lako, Bwana, na ninaambiwa jicho lako halina mahali lisipopita. Basi nitakwenda wapi? Nikijificha chini ya kitanda cha mwanangu, upo. Nikivuta pazia, upo. Nilitamani, Bwana nisamehe, nilitamani usiwepo kidogo tu, mpaka wageni wapite.

Je, shukrani iliyotangulia jambo lake ni uongo? Au ni ukweli uliofika mapema, umesimama mlangoni, haumjui mtu, hauna pa kukaa? Niliuliza hivyo nikichambua mchele. Niliuliza nikifua mashuka. Mwanamke wa Jumapili alikuwa amekaa kwenye kigoda changu karibu na jiko, kanga yake haijachafuka, akiniambia maneno mazuri tu: usiseme kushindwa, usikiri udhaifu, kinywa chako ndicho kinachomfungulia Mungu njia. Nilipomtazama usoni alikuwa mimi, na mara alikuwa mama yangu, na mara alikuwa binti mdogo nisiyemjua, amepaka poda, anaogopa kuchapwa.

Kisha ngoma ikasikika.

Ilikuwa mbali, ikishuka kutoka penye mawe. Ukitaka kuja kwetu kutoka kanisani lazima upite nyumba za siku zote, na ngoma inabadilika kila inapopita. Kwenye nyumba za Jumanne ilisikika ya kazi. Kwenye Jumatano ilipwaya. Lakini walikuwa wengi na walikuwa wameibeba Jumapili yao pamoja nao kama watu wanaobeba chungu cha moto, wasiache izimike, na niliwasikia wakija.

Mwanamke wa Jumapili akainuka kwenye kigoda. "Msimamishe," akasema.

Sijui ni nani kati yetu aliyemwinua mtoto. Najua tu kwamba mikono ilipita chini ya makwapa yake na kichwa chake kikaniegemea shingoni, kikinuka jasho na mafuta ya nazi. Tulimweka wima kwenye ukuta, karibu na dirisha. Miguu yake ilining'inia kama nguo. Nikachukua kanga mbili. Moja nikaipitisha kifuani, chini ya mikono, nikaifunga kwenye nondo za dirisha. Ya pili nikaifunga kiunoni, kwenye msumari wa kutundikia sufuria. Juu ya yote nikamvika gauni lake refu la kipaimara, lenye mikono mipana, ili vifundo visionekane.

Hakunikataza. Angenikataza ningeweza kuacha. Alinitazama nikimfunga, akasema taratibu kabisa, "Kaza vizuri basi. Nisije nikaanguka mbele ya kwaya."

Wakaingia.

Chumba kikajaa. Wapo waliobaki uani, wakichungulia. Nyimbo, jasho, vumbi, kuku aliyefungwa miguu akilalamika chini ya kwapa la mtu. Na mbele yao wote ukutani, wima, mwanangu, uso wake umetulia kama picha. Vigelegele vilivyopigwa sijawahi kuvisikia. Mama Elieshi alisimama katikati ya mlango akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Amina!"

"Nasema asifiwe!"

"Amina!"

"Aika, mwanangu! Wewe! Yaani umesimama kuliko mimi!"

"Shikamoo, Mama Elieshi," Aikaeli alisema.

"Marahaba, marahaba, marahaba." Alikuwa analia. Machozi ya kweli, yakipita kwenye mashavu yale makubwa. Hakuna mtu katika chumba kile aliyekuwa mnafiki. Hilo nalo liandikwe. Wote walifurahi kwa mtoto wangu kwa moyo wao wote, na furaha yao ilinikata kuliko kama wangekuja na mawe.

Fanueli mpiga ngoma, ambaye hawezi kuacha utani hata msibani, akapiga mdundo mmoja mkubwa, akasema, "Haya mchezaji! Tumeona kusimama. Sasa tupe hatua. Moja tu, twende tukalale."

"Hatua! Hatua!" wakaitikia, wakipiga makofi.

Aikaeli akasema, "Leo sakafu imepigwa maji, kaka Fanu. Nitateleza."

Wakacheka. Walipenda kwamba alikuwa na utani, kwa kuwa mgonjwa hana utani. Wakaanza wimbo mwingine. Wimbo wetu una beti nyingi na kiitikio kinachorudiwa kadiri Roho anavyotaka, na siku ile Roho alitaka sana.

Nilisimama karibu naye. Wao hawakuona, lakini mimi niliona. Kanga ya kifuani ilikuwa inapanda. Uzito wote wa mwili wake ulikuwa umekaa kwenye makwapa. Mikono yake, iliyonyanyuliwa na kifundo, ilianza kufunguka pande mbili ndani ya mikono mipana ya gauni, kidogo kidogo, na kichwa kikaanza kuinamia bega. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. Hakunitazama. Alikuwa anawatazama wao, anatabasamu, analinda jina langu.

Wakati ulisimama pale. Nasema hivi si kwa kupamba. Wimbo ulibaki kwenye neno moja, vinywa vimefunguka, kuku ametulia, na mimi peke yangu nilikuwa naweza kugeuza shingo. Nikageuka kumtafuta mwanamke wa Jumapili, anishauri. Alikuwa katikati ya kwaya, mikono juu, macho ameyafumba, anaimba. Hakumwona mtoto. Hakuwahi kumwona. Alikuwa anamwona Mungu tu, nilidhani. Kisha nikaona kwamba hata Mungu mwenyewe mwanamke yule hakuwa anamwona, kwa sababu mwanangu alikuwa ukutani, mikono imefunguliwa, kichwa kimeinama, na mimi ndiye niliyemtundika.

Nililielewa hapo, kwa aibu ambayo haijanitoka, swali nililokuwa nimelibeba siku zote. Nilikuwa nauliza kama Mungu atanifedhehesha. Nilidhani kumtumaini ni kumlindia heshima yake, nikashika mlango ili watu wasimwone akiwa amechelewa. Lakini nani aliniambia ameomba kulindwa? Yeye aliyekubali kulala Jumamosi nzima nyuma ya jiwe, walimwengu wakicheka, asijitetee kwa neno moja?

Wimbo ukaendelea.

"Nyamazeni," nilisema. Hawakusikia. "Nyamazeni, jamani! Nyamazeni!"

Ngoma ikakatika. Nikainua gauni la mwanangu mbele ya watu wote. Nikawaonyesha kanga, nikaifungua ya kiunoni. Kifundo cha dirishani kilikuwa kimekazwa na uzito, kucha zangu zikashindwa, nikakiuma kwa meno. Hakuna aliyesogea. Kilipoachia alinishukia mzima mzima, nikaanguka naye, mimi chini, yeye juu yangu, na niliposikia pumzi yake ikirudi kwa kwikwi sikioni mwangu nilianza kulia kwa sauti ya mnyama.

"Hatembei," nilisema kutoka sakafuni. "Hajainuka. Sikuwadanganya siku ile, niliamini. Leo ndiyo nimewadanganya. Yeye hana kosa."

Kimya kilichofuata kilikuwa cha Jumamosi. Niliwaona wakiisikia. Jumapili waliyoibeba ilikuwa inapoa mikononi mwao, na wengine waliogopa, na siwalaumu; mtu akiona moto wake unataka kuzimika hukimbilia penye moto mkubwa. Walianza kutoka. Mmoja alinong'ona kwamba nyumba hii ina jambo. Mwingine alisema tumwachie Mungu, akaondoka na kuku wake. Fanueli alisimama muda mrefu akiikumbatia ngoma kama mtoto aliyelala, akasema, "Nisamehe, Aika, kwa ile hatua," akatoka akiinamisha kichwa. Mwanamke wa Jumapili akatoka nao. Nilimwona mgongo, kanga yake safi, akipanda kuelekea penye mawe, wala hajarudi tena.

Alibaki Mama Elieshi, bado yuko mlangoni. Bila sauti yake alionekana mfupi.

"Nenda tu, mama," nilimwambia. "Nimeshakuaibisha vya kutosha."

"Mimi ndiye niliyekwambia shukuru," akasema.

"Uliniambia. Lakini kanga nilizifunga mwenyewe."

"Basi tuna kazi wawili." Akaingia. Akashika kitanda, akaanza kupiga magoti, goti moja likalia, la pili likalia zaidi.

Aikaeli, uso wake ukiwa bado umelowa, akasema, "Mama Elieshi, hayo magoti nayo tuyashukurie kwanza?"

Nilishtuka. Nilidhani mama yule atakasirika. Alicheka hadi kilemba kikalegea, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akajifuta uso kwa kiganja. Alipoweza kusema aliuliza swali ambalo katika makapu yote na nyimbo zote hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Anageuzwaje?"

Nikamfundisha. Mkono mmoja nyuma ya bega, mwingine chini ya nyonga, usimvute ngozi, mwache akwambie akiwa tayari. Tulimpandisha kitandani. Mama Elieshi alikuwa na nguvu lakini alikuwa na haraka, na Aikaeli akamwambia, "Polepole, mama, mimi si gunia," naye akajibu, "Samahani, mwanangu," akaanza upya. Tulipomlaza ubavu kikaonekana kidonda cha nyonga, kile ambacho nilikuwa namficha kila mtu, na Mama Elieshi akakiona. Hakupiga kelele. Kisha akavua kilemba chake cha kwaya, nami nikaona kwa mara ya kwanza kwamba nywele zake zote ni mvi, akakikunja, akakiweka chini ya nyonga ya mwanangu ili kidonda kisiguse godoro.

"Tuombe," akasema kwa mazoea, akafumba macho. Tukangoja. Mwanamke ambaye maombi yake yalikuwa yanasikika hadi mtaa wa Alhamisi alifungua mdomo akaufunga. "Sijui niseme nini humu ndani," akasema mwisho.

"Omba kitu kidogo," Aikaeli alimwambia.

"Kama nini?"

"Nipate usingizi ubavu huu. Ubavu ule mwingine nimeuchoka."

Basi tukaomba hilo. Hatukusema limekwisha kutendeka. Hatukuahidi chochote kwa niaba ya Mungu. Tulisema, Bwana, huyu ni Aikaeli, hatembei, anataka kulala ubavu wa kushoto. Niliona haya kumletea Mwenye mbingu neno dogo namna ile, baada ya makubwa yote niliyomtangazia, na haya ile haikuwa kama ile ya kwanza. Ya kwanza ilinitaka nijifiche. Hii ilinikalisha pale pale nilipo, mikono tupu, natazamwa, na sikutaka kuondoka.

Aikaeli akafumba macho. Nje ngoma ilikuwa imeshapita nyumba za Jumatano, haisikiki tena. Mama Elieshi alikaa kwenye kigoda kile karibu na jiko, kichwa wazi, mikono mapajani.

"Atageuzwa tena lini?" akanong'ona.

"Akiamka."

"Basi nipo."

Tukakaa. Ilikuwa Jumamosi bado, ninyi msidhani nyingine. Baada ya muda mama yule akasahau, akaanza kuvumisha wimbo puani, chini kwa chini, na binti yangu akasema bila kufungua macho, "Mama, mwambie akae. Lakini asiimbe."